Barua pepe anayoifungua mlengwa peke yake: mwongozo wa PGP kwa anayeanza

"Mbona barua yako imeharibika?"

Swali hili hunifikia kila baada ya muda, na kisa ni kilekile. Mtu ametengeneza ufunguo wake wa PGP, programu ya kufunga barua pepe isisomwe na mwingine, jana usiku kwenye kompyuta, kanitumia, nami nimemjibu kwa barua iliyofungwa. Asubuhi yuko kwenye daladala, anaifungua kwa simu, anakuta mstari unaosema BEGIN PGP MESSAGE na chini yake rundo la herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Anadhani mtandao umeila barua. Haijaharibika, ndugu yangu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuonekana mbele ya yeyote asiye na ufunguo, na asubuhi ile hata wewe ulikuwa huna. Uliuacha nyumbani.

Nimeandika mwongozo huu ili nipate pa kumwelekeza anayeuliza. Kama umewahi kujaribu ukashindwa, usione haya. Desemba 2012 mtu asiyetaja jina lake halisi alimwandikia mwandishi wa habari Glenn Greenwald, akimwomba aweke PGP ili wawasiliane kwa siri. Greenwald akaahirisha. Akatumiwa maelekezo ya hatua kwa hatua, akatengenezewa hadi video, bado hakuifanya. Mwezi uliofuata yule mtu akamgeukia mtengeneza filamu Laura Poitras, aliyekuwa tayari anajua kufunga barua. Mtu huyo alikuwa Edward Snowden, na alichokuwa nacho ni nyaraka za NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani. Greenwald aliipata habari baadaye kupitia kwa Poitras, lakini nusura imponyoke kwa sababu ya kazi ya saa moja.

Nadharia kidogo, kisha tuendelee

PGP hutengeneza vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza huitwa ufunguo wa umma, jina linalowachanganya watu, kwa hiyo mimi hukiita kufuli. Unaligawa likiwa wazi kwa yeyote umtakaye, naye hulibana kwenye barua anayokuandikia. Cha pili ni ufunguo wa siri, ambao ndio pekee unaofungua kufuli hilo. Haugawiwi, hautumwi, haupigwi picha. Ni hayo tu.

"Lakini barua pepe yangu si tayari ina kufuli pale juu kwenye kivinjari?" Ina, ila kufuli hilo hulinda safari ya kutoka kwako hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokutunzia barua. Ikifika pale, mwenye seva anaweza kuisoma, na mwenye mamlaka juu ya mwenye seva anaweza kumwamuru aitoe. Mwaka 2013 kampuni ndogo ya barua pepe ya Lavabit, huko Texas, iliyokuwa ikitumiwa na Snowden, iliamriwa na mahakama ikabidhi ufunguo uliolinda mawasiliano ya wateja wake wote, wapatao laki nne. Mmiliki wake, Ladar Levison, akauchapa kwenye kurasa 11 kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mahakama haikucheka, ikamwekea faini ya kila siku mpaka autoe kwa namna inayosomeka na kompyuta. Akautoa, na Agosti mwaka huo akaifunga kampuni. Ufunguo alioushika mtu mwingine kwa niaba yako unaweza kuchukuliwa kwake bila wewe kujua. Ndiyo maana katika PGP ufunguo unakaa nawe.

"Je, ni halali?"

Phil Zimmermann aliitoa PGP bure mwaka 1991, baada ya kuona kifungu katika mswada wa Seneti ya Marekani kilichotaka kampuni za mawasiliano ziiwezeshe serikali kusoma mazungumzo ya watu. Wakati huo sheria za Marekani ziliweka usimbaji imara, yaani ufundi wa kufunga maandishi yasisomeke, kwenye orodha moja na silaha za kivita, na kuusafirisha nje bila kibali lilikuwa kosa. Zimmermann alichunguzwa kwa takribani miaka 3, na Januari 1996 uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Katikati ya sokomoko hilo msimbo mzima wa PGP ulichapishwa kama kitabu, kwa kuwa kitabu kilikuwa na ulinzi wa sheria wakati diski ya maandishi hayohayo haikuwa nao.

Kwetu, katiba ya Kenya kwenye ibara ya 31 na ya Tanzania kwenye ibara ya 16 zinalinda faragha ya mawasiliano, ingawa sheria nyingine zinaruhusu vyombo vya usalama kuingilia kwa masharti. Usichanganye PGP na VPN, njia ya kuficha safari zako za mtandaoni: tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, la Oktoba 2023 lililowataka Watanzania waandikishe matumizi yao lilihusu VPN. Na wewe uliyeko Uingereza ujue kwamba sheria ya mwaka 2000 inaruhusu polisi, wakipata kibali, kukuamuru utoe ufunguo wako. Ukikataa unaweza kufungwa hadi miaka 2, na zaidi kwa mambo ya usalama wa taifa.

Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yako mwenyewe. Ya ofisini au ya intaneti kafe haifai hata kwa majaribio, maana ufunguo hubaki humo.
- Anwani ya barua pepe unayoitumia. Gmail inafaa, huna haja ya kuhama.
- Flashi mbili tupu.
- Karatasi, kalamu na dadu moja ya mchezo.
- Mwenzako mmoja aliye tayari kufanya hatua hizi pamoja nawe. Kufuli la mtu mmoja halina kazi.

Hatua kwa hatua

1. Funga mlango wa nyumba kabla ya sanduku. Sasisha mfumo wa kompyuta, kisha washa usimbaji wa diski nzima: BitLocker au jamaa yake kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Bila hivyo, anayeiba kompyuta huchomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine bila kuulizwa nenosiri. Kwa watu wa Windows: angalia kama ufunguo wako wa dharura wa kufungulia diski haukupelekwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mara nyingi unapelekwa, na ukishafika huko tunarudi kwenye kisa cha Lavabit.

2. Weka Thunderbird, programu ya kusomea na kuandikia barua pepe. Ipakue kutoka thunderbird.net peke yake. Usipokee kwa flashi ya rafiki, wala usiichukue kwenye tovuti inayogawa programu za kila aina. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020 PGP imo ndani yake, kwa hiyo video zinazokuambia uongeze Enigmail zimepitwa na wakati. Fungua, andika jina lako, anwani na nenosiri la barua pepe, subiri barua ziingie.

3. Tunga nenosiri refu kwa dadu. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Usitumie methali, aya ya Biblia wala ya Kurani, wala mstari wa taarabu. Kinachokumbukwa na Waswahili wote hakiwezi kuwa siri yako. Chukua kamusi, rusha dadu mara kadhaa ili tarakimu zikupe ukurasa na mstari, andika neno unaloangukia. Rudia mpaka upate maneno sita. Yatakuwa hayana maana pamoja, na utajikuta ukitamani kubadilisha moja ili sentensi ipendeze. Usibadilishe. Yaandike kwenye karatasi, uiweke pale unapoweka hati ya kiwanja, mpaka yakae kichwani.

Sasa nenda kwenye "Settings", kisha "Privacy & Security", washa "Use a Primary Password" na uyaingize. Ukiiruka hatua hii, yeyote anayekaa mbele ya kompyuta yako iliyo wazi anasoma kila kitu.

4. Tengeneza ufunguo. Ingia "Account Settings", chagua akaunti yako, bofya "End-To-End Encryption", kisha "Add Key" na uchague kutengeneza mpya. Muda wa kuisha acha miaka 3 iliyopendekezwa. Unaweza kuongeza baadaye, na ukiwa umepoteza ufunguo, angalau kufuli lake litakufa lenyewe siku moja. Aina ya ufunguo iache RSA ya biti 3072 kama ilivyo, na kama roho yako haitulii weka 4096. Itachukua dakika kadhaa. Ikimaliza, hakikisha umeuchagua huo mpya kwenye orodha, kwa sababu wengi wanautengeneza kisha wanauacha bila kuuteua, halafu wananiandikia kwamba PGP haifanyi kazi.

5. Weka akiba, leo hii. Fungua "OpenPGP Key Manager" kwenye menyu ya "Tools", chagua ufunguo wako, kwenye "File" bofya "Backup Secret Key(s) To File". Utaombwa nenosiri la faili hilo. Lipe refu vilevile. Nakili kwenye flashi zote mbili. Moja ibaki kwako, nyingine mpe mtu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi kompyuta yangu kwa tatizo la feni. Niliporudi jioni akaniambia kwa furaha kwamba ameisafisha pia, "ilikuwa nzito, bosi". Alikuwa ameifomati. Barua zote nikazipakua upya kutoka kwenye seva, zikaja kamili, na zilizofungwa hazikufunguka hata moja. Hazijafunguka hadi leo. Hakuna mahali pa kupiga simu, hakuna swali la usalama la jina la mwalimu wako wa kwanza. Sifa inayoizuia idara ya ujasusi kufungua ndiyo inayokuzuia na wewe.

6. Badilishaneni makufuli. Andika barua ya kawaida kwa mwenzako, na kwenye menyu ya OpenPGP ya dirisha la kuandikia chagua "Attach My Public Key". Atapata faili linaloishia na .asc. Naye afanye vivyo hivyo. Ukipokea la kwake, bofya kiambatisho kwa kitufe cha kulia na uchague kuliingiza.

Onyo: angalia mara mbili ni faili gani unatuma. La hatua ya 5 na la hatua ya 6 yote ni ya .asc, na nimewahi kutumiwa ufunguo wa siri wa mtu aliyedhani ananipa kufuli. Likikutokea, ufunguo huo umekufa. Ubatilishe na utengeneze mwingine. Kumwomba aliyepokea afute hakusaidii, kwa sababu nakala iko kwenye seva mbili.

7. Someaneni alama ya kidole. Kama utafanya hatua moja tu kwa makini, iwe hii, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Kufuli limekuja kwa barua pepe likiwa na jina la Bakari. Umejuaje ni la Bakari? Mtu anayedhibiti njia ya katikati, awe mdukuzi au chombo cha dola chenye mkono kwenye seva, anaweza kulizuia la Bakari na kukupa lake lililoandikwa jina la Bakari. Utafunga barua zako vizuri sana, yeye atazifungua, atazisoma, atazifunga upya kwa kufuli halisi na kuzipeleka. Nyote wawili mtaona alama ya kufuli la kijani na mtalala usingizi. Hesabu za PGP hazikuvunjwa, mlikosea mlangoni.

Dawa yake ni alama ya kidole: herufi na tarakimu 40, zimepangwa mafungu 10 ya nne nne. Utaiona ukibofya mara mbili jina la Bakari kwenye "OpenPGP Key Manager". Mpigie simu, au bora zaidi mkutane, akusomee ya kwake kutoka kwenye kompyuta yake huku wewe ukifuata kwenye yako. Usitumie barua pepe kuhakiki barua pepe.

Kwenye simu yenye mikwaruzo, sita na saba zinafanana kuliko unavyofikiri, na tatu na tano pia. Mimi na rafiki yangu wa Tanga tulirudia fungu la nne mara tatu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba kuna mtu katikati, kumbe yeye alikuwa anasema B na mimi nasikia D. Kwa bahati herufi zinazotumika ni sita tu, kwa hiyo tukakubaliana: A ya Asha, B ya Bakari, C ya Chausiku, D ya Dodoma, E ya embe, F ya Fatuma. Tokea siku hiyo tunamaliza kwa dakika mbili. Soma mafungu yote 10. Anayesoma la mwanzo na la mwisho tu anampunguzia kazi mtu wa katikati, maana kufuli la bandia lenye ncha zinazofanana na la kweli ni rahisi zaidi kulitengeneza.

Yakilingana, chagua jibu linalosema umehakiki alama ana kwa ana. Yasipolingana, usiandike chochote cha maana kwenye anwani hiyo mpaka mmekutana.

8. Tuma barua ya majaribio. Andika, bofya "Encrypt", tuma. Kwenye kichwa cha barua weka neno lisilo na maana kama "habari". Thunderbird huficha kichwa, lakini programu nyingine hazifanyi hivyo, na nimeona barua iliyofungwa vizuri yenye kichwa "Nyaraka za zabuni kutoka kwa mhasibu". Mwenzako akijibu, angalia juu ya barua yake uone alama ya OpenPGP yenye kufuli. Ikiwepo, mmefika.

Ambayo kufuli halifichi

Bahasha. Nani kaandika, kwa nani, saa ngapi, barua nzito kiasi gani: vyote vinaonekana. Hivyo ndivyo vinavyoitwa metadata, na vyombo vya ujasusi vinaipenda kuliko maneno yenyewe kwa sababu inapangika kwenye majedwali. Amri ya mahakama ya siri iliyochapishwa na gazeti la The Guardian Juni 2013 iliitaka kampuni ya simu ya Verizon iipe NSA kumbukumbu za simu za wateja wake kila siku, bila maudhui ya mazungumzo. Mwaka uliofuata tovuti ya habari ya The Intercept ikaonyesha, kutoka kwenye nyaraka za Snowden, kwamba mpango wa NSA ulioitwa MYSTIC ulikuwa ukikusanya metadata za simu za mkononi nchini Kenya. Na Jenerali Michael Hayden, aliyepata kuziongoza NSA na CIA, alisema hadharani mwaka 2014 kwamba wanaua watu kwa kutegemea metadata. Kwa hiyo kama siri yako ni kwamba *mnafahamiana*, PGP haikusaidii.

Pia haikusaidii kama mashine yenyewe imeingiliwa. Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za iPhone za wafanyakazi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wanaohusika na Uganda zilidukuliwa kwa programu ya NSO, kampuni ya Israeli inayouza programu za ujasusi. Programu ya aina hiyo husoma kioo pamoja nawe, baada ya kufuli kufunguliwa.

La mwisho: ufunguo wa PGP ni mmoja kwa miaka. Ukiibwa leo, barua za mwaka juzi zinafunguka pia. Signal, programu ya ujumbe ya simu, hubadilisha funguo zake mfululizo, kwa hiyo kwa maongezi ya kila siku mimi mwenyewe natumia Signal. PGP naiweka kwa barua ndefu na viambatisho.

Ikikwama

*"Inakataa kutuma, inasema hakuna ufunguo wa mpokeaji."* Mara nyingi kufuli umeliingiza lakini hujalikubali. Rudi hatua ya 7. Kama umelikubali, linganisha anwani iliyo ndani ya kufuli na ile unayoiandikia. Nukta moja ikizidi, Thunderbird haimtambui. Kisha angalia tarehe ya kuisha.

*"Naona herufi tu kwenye simu."* Unaifungua kwa kivinjari au programu isiyo na PGP. Subiri ufike kwenye kompyuta. Kwenye Android unaweza kutumia Thunderbird ya simu pamoja na OpenKeychain, lakini maana yake ni kubeba ufunguo wa siri mfukoni kwenye matatu. Kama simu yako huibwa kila mwaka, acha.

*"Barua za zamani hazifunguki, mpya zinafunguka."* Una ufunguo mpya, na zile zilifungwa kwa kufuli la kwanza. Ingiza faili la akiba la ufunguo wa kwanza kutoka kwenye flashi. Zikae funguo zote mbili, usifute wa zamani.

*"Ufunguo wangu umeisha muda."* Haujafa. Fungua maelezo yake, badilisha tarehe ya kuisha, kisha watumie wenzako kufuli upya, kwa sababu nakala walizonazo bado zinasema limeisha. Alama ya kidole haibadiliki.

*"Nimesahau nenosiri."* Karatasi iko wapi? Kama haipo, jaribu faili la akiba, ikiwa nenosiri lake ulilitofautisha na unalikumbuka. Kama nalo hulikumbuki, tengeneza ufunguo mpya na uwaombe waliokuandikia wakutumie tena zile barua muhimu.

*"Kompyuta imeibwa."* Siku hiyohiyo ingiza akiba kwenye mashine nyingine, chagua kubatilisha ufunguo, na uwatumie wenzako kufuli lililobatilishwa. Wapigie na simu, maana kuna atakayekuandikia kwa kufuli la zamani kabla hajasoma barua yako.